Mbio za kumkumbuka mshikaji: yanayosemwa kijiweni na yaliyopo kweli

Nilipotangaza kazini kwamba naenda Moshi kukimbia kilomita 21 kwa ajili ya rafiki yetu aliyetangulia, mama mmoja wa ofisini akaniuliza, "kwani ukikimbia yeye atafufuka?" Sikuwa na jibu, nikacheka tu. Ila toka siku ile nimeshasikia mengi kuhusu hizi mbio za hisani na kumbukumbu, mengine ya kuchekesha, mengine yanapotosha kabisa, kwa hiyo leo nayamwaga.

La kwanza, na ndo linarudiwa sana: "hayo mambo ya juzi juzi, ya kupigia picha za kuposti." Juzi ipi bana? Afrika Kusini kuna mbio zinaitwa Comrades, kati ya Durban na Pietermaritzburg, kama kilomita 90 hivi, yaani marathoni mbili na chenji, na zilianza tarehe 24 Mei 1921. Aliyezianzisha ni Vic Clapham, dereva wa treni aliyepigana vita vya kwanza vya dunia, na unajua alipigana wapi? Hapa hapa kwetu, enzi za Mjerumani, wakimfukuza Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, na askari wake maporini, Clapham akatembea kwa mguu kama kilomita 2,700, na kwenye vita ile ya huku maradhi yaliua watu kuliko risasi. Aliporudi kwao akataka wenzake waliokufa wakumbukwe kwa kitu kinachochosha mwili kama ile safari, sio jiwe la kuwekea maua. Chama cha maveterani kikamkatalia wee, kila akirudi anakataliwa, mpaka 1921 ndo wakakubali. Walianza watu 34, wakamaliza 16.

Hapo nina dukuduku langu. Wapagazi wa vita ile ile, waliobebeshwa mizigo ya majeshi vichwani, walikufa wengi kuliko hata wanajeshi wenyewe, na kumbukumbu yao iliyobaki midomoni mwetu ni Kariakoo, jina lililotokana na Carrier Corps, kikosi chao. Tunaenda pale kununua raba za kukimbilia, tunabishana bei, tunaondoka.

Na kwenye hizo hizo Comrades, karibu na nusu ya njia kuna kiti kimechongwa ukingoni mwa barabara, kinaitwa kiti cha Arthur, yaani Arthur Newton aliyeshinda mara 5 miaka ya 1920. Wakimbiaji wakifika pale wanaweka ua na kumwamkia mzee, eti ukimsalimia nusu ya pili inakuwa nyepesi. Sisi kwetu hilo lina jina lake, linaitwa tambiko.

"Lazima uwe mwanariadha, uwe na mapafu ya watu wa Iten, kule Kenya kwa wakimbiaji." Hapana. Hao Comrades wenyewe siku hizi wanatoa masaa 12, na muda ukiisha mwenye bastola anasimama amewapa mgongo wanaokuja, anapiga, hata kama umebakiza hatua mbili imekula kwako, lakini ndani ya hayo masaa 12 wanapita wazee, wenye vitambi, kila aina ya mtu. Sisi Moshi kile kipande cha kupandisha kwenda Mweka tulikitembea chote kama tunaenda sokoni, na marehemu mwenyewe alikuwa hakimbii hata kuwahi daladala.

Sasa tuje kwenye hela, maana hapa ndo watu wanapigwa. "Nimelipa ada ya usajili, nimeshachangia." Hata mimi niliamini hivyo mbio zetu za kwanza (sizitaji), tukaenda mpaka kwa mama wa marehemu kumwambia tumechanga kwa jina la mwanao, halafu mweka hazina wetu ambaye hanaga aibu akawapigia waandaaji kuuliza kiasi gani kimeenda wapi, akazungushwa wiki tatu mpaka akachoka. Ukweli ni kwamba ada kwanza inalipia tisheti, medali, maji, chipu ya muda, ambulansi, jukwaa na muziki. Kinachobaki, kama kipo, inategemea mwandaaji. Wapo wanaosema wazi toka mwanzo, mfano CRDB Bank Marathon iliyoanza 2020 ilitangaza kabisa kwamba inachangia matibabu ya watoto wenye matatizo ya moyo. Kule kwenye marathoni ya London mashirika ya hisani yananunua nafasi, anayepewa nafasi anaahidi kuchangisha kiasi fulani, kwa hiyo hela kubwa inatoka kwa ndugu na marafiki wa mkimbiaji, sio kwenye ada.

Mwaka uliofuata tukaiga hilo kwa staili yetu: tukaunda kamati, tukachapisha kadi za mchango kama za harusi. Nikwambie kitu, Mtanzania ukimpa kadi ya sendofu anatoa laki, ukimwambia ni ya kusafisha damu ghafla netiweki inakuwa mbaya. Tulisumbua watu. Mshikaji wetu alikufa kwa figo, alikuwa anasafisha damu mara 3 kwa wiki, na kwenye mashine ya jirani yake alikuwepo kijana mmoja wa chuo wakawa marafiki wa kule kule. Tukamlipia huyo kijana deni lake, hela moja kwa moja kwenye kontroo namba ya hospitali, haikupita mfukoni mwa mtu, na risiti ikatupwa kwenye grupu la wasapu usiku ule ule. Risiti imekunjamana, ina doa la chai, lakini mimi bado ninayo kwenye simu.

Kuna lingine linaudhi: "ukiacha katikati umemwangusha marehemu." Terry Fox, kijana wa Kanada aliyekatwa mguu kwa kansa ya mfupa, aliwaona wagonjwa wenzake wodini wakiisha, ndo Aprili 1980 akaanza kukimbia kukatiza nchi nzima na mguu wa bandia, karibu marathoni moja kila siku. Hakumaliza. Siku ya 143, kilomita 5,373, kansa imeshaingia kwenye mapafu, akasimama. Mpaka hapo zilikuwa zimepatikana dola za kwao milioni 1.7, na kufikia Februari 1981 zilikuwa zimepita milioni 24. Akafariki Juni mwaka huo, ana miaka 22. Nani atasema yule aliangusha mtu?

Kwa hiyo ukiona kizunguzungu kaa chini, marehemu hadai. Na hiyo ya kunywa maji kila kibanda eti "usikaukiwe" nayo ina hatari, kwenye marathoni ya Boston, Marekani, mwaka 2002 walipima damu za wakimbiaji 488 wakakuta asilimia 13 chumvi ya mwilini imeshuka kuliko inavyotakiwa, na waliokuwa kwenye hatari zaidi ni wale waliokunywa mpaka wakamaliza mbio na uzito umeongezeka. Kunywa ukisikia kiu, basi.

La mwisho ni lile la kwamba ukikimbia majonzi yanaisha. Labda kwa wengine. Mimi kilomita ya 9 nililia kama mtoto, mtu wa kibanda cha ndizi akadhani misuli imenibana akaja na dawa ya kuchua, nikamwacha anichue tu. Tulikuwa tumeandika jina la utani la mshikaji kifuani kwenye tisheti, herufi kubwa nyekundu, na kule kwenye mlima wa Mweka watoto wamejipanga pembeni wanasoma vifua vya watu wanashangilia, wakaanza kuliita jina lake kwa kelele, kaza, kaza, umefika, wakidhani ni mimi. Sikuwasahihisha.