Mfamasia Anayejua Kusoma Mizania

Januari 2006 kampuni ya Pfizer ilipata kibali cha kuuza Exubera, insulini ya kuvuta kwa mdomo hadi mapafuni, ili mgonjwa wa kisukari apunguziwe sindano. Dawa ilifanya kazi, sukari ilishuka. Oktoba 2007 kampuni ikatangaza kuachana nayo na kukubali hasara ya takriban dola bilioni 2.8. Mwanafunzi wa famasia akija kuniuliza kama aongeze masomo ya biashara, huwa naanza na kisa hiki.

Kilichokwamisha ni nini? Kifaa chenyewe kilikuwa kikubwa, si kitu cha kuchomoa mfukoni mbele ya watu. Dozi ilihesabiwa kwa miligramu, ilhali madaktari na wagonjwa wamezoea yuniti. Kibaya zaidi, kipakiti cha miligramu 1 kililingana na yuniti 3 hivi, lakini kipakiti cha miligramu 3 kililingana na yuniti 8, kwa hiyo aliyevuta vipakiti vitatu vidogo badala ya kimoja kikubwa alijizidishia insulini. Kabla ya kuanza, mgonjwa alipaswa kupimwa mapafu. Bei nayo ilizidi ile ya kudunga, wakati ambapo sindano zenyewe zilikwishakuwa nyembamba na maumivu yake madogo. Bima zikasita kulipia.

Mfamasia yeyote angeiona hatari ya vile vipakiti. Lakini kuona kwamba daktari mwenye dakika kumi kwa mgonjwa hatakaa kujifunza hesabu mpya, na kwamba mlipaji atauliza nyongeza ya bei inanunua nini, huo ni ujuzi mwingine. Kampuni za dawa humtafuta mtu anayeweza kuuliza maswali yote mawili katika kikao kimoja, mapema, kabla fedha hazijateketea.

Tazama pia hataza, yaani haki ya kuzuia wengine wasiuige uvumbuzi wako. Kwa kawaida humlinda mvumbuzi kwa miaka 20, ikihesabiwa tangu siku ya kuwasilisha maombi, si siku dawa inapofika dukani. Utafiti na majaribio kwa binadamu mara nyingi hula miaka kumi au zaidi kati ya hiyo. Kwa hiyo jalada la usajili likirudishwa na mamlaka ya udhibiti kwa sababu ya takwimu zisizokamilika za uthabiti (dawa hudumu muda gani bila kuharibika), mfamasia wa kawaida huona kazi ya kurudia. Aliyesoma fedha huona pia miezi ya soko isiyorudi, na anajua namna ya kumweleza mkurugenzi kwa nini aajiriwe mtu wa pili kwenye idara ya usajili.

Eneo ninalolipenda zaidi ni uchumi wa afya. Uingereza iliunda NICE mwaka 1999, na chombo hicho hupima kama dawa mpya inastahili kulipiwa na huduma ya taifa kwa kulinganisha gharama na miaka ya maisha yenye afya inayoongezwa. Hapo huwezi kujenga hoja bila kuijua dawa yenyewe: madhara yake, wagonjwa wanaoiacha njiani, dawa inayochukua nafasi yake. Wala huwezi bila hesabu za gharama. Wenye vyote viwili si wengi.

Sehemu nyingine biashara haikuongezei kitu kikubwa. Katika Umoja wa Ulaya, hakuna kundi la dawa zilizotengenezwa kwa pamoja linaloruhusiwa kutoka kiwandani bila idhini ya mtaalamu aliyeidhinishwa kisheria. Anayeitaka kazi hiyo atafute miaka ya uzalishaji na udhibiti wa ubora. MBA, shahada ya uzamili ya biashara, haitamsogeza mbali.

Je, usome vyote kwa pamoja? Baadhi ya vyuo, hasa Marekani, huunganisha shahada ya famasia na MBA kwa nyongeza ya takriban mwaka mmoja, na muda unaookolewa ni mwingi. Hata hivyo mimi humshauri mtu afanye kazi kwanza miaka miwili au mitatu. Darasa la MBA huishi kwa visa vya wanafunzi wenyewe. Asiyewahi kukataliwa bajeti hubaki msikilizaji. Na ukiwa bado chuoni, omba uruhusiwe kusoma uhasibu wa msingi. Kozi za uongozi zinaweza kusubiri (wenzangu wa kitivo cha biashara wanisamehe).

Kabla ya kulipa ada, jaribu hivi. Chagua dawa moja unayoifahamu vizuri. Andika ukurasa mmoja: nani ataiagiza, nani atailipia, inashindana na nini, inahitaji kuhifadhiwa vipi, na hataza yake inaisha lini. Kisha mpe mhasibu ausome, halafu mfamasia wa hospitali. Maswali watakayokurudishia ndiyo yatakayokuonyesha kozi ya kuanza nayo.