Je, wajua kwa nini sindano na ushanga humfaa kijana wa Kilakota?

Chukua mwiba wa nungunungu, uuloweke mdomoni mpaka ulainike, kisha uubane kwa meno na kuuvuta taratibu hadi uwe bapa kama utepe. Ukunje juu ya uzi, uushonee kwenye ngozi, halafu uchukue mwingine. Ndivyo walivyopamba mavazi wanawake wa Kilakota, wenyeji wa asili wa nyanda za kati za Marekani, tangu kabla wafanyabiashara hawajawaletea shanga za kioo zilizotengenezwa Venice na Bohemia, huko Ulaya. Nungunungu mmoja wa huko ana miiba ipatayo 30,000, hivyo haikuisha upesi. Subira ndiyo iliyokuwa ikiisha, na ole wake aliyesahau kwamba ncha ya mwiba ina vijino.

Leo Walakota kwa maelfu wanaishi Pine Ridge, eneo lililotengwa kwa ajili yao huko Dakota Kusini, moja ya sehemu maskini kabisa za Marekani. Kazi ni haba na nyumba hazitoshi. Mnamo 2015 uongozi wa kabila ulitangaza hali ya dharura baada ya vijana kadhaa kujiua katika muda mfupi. Hapo mtu ana haki ya kuuliza: ushanga utasaidia nini?

Jibu linaanzia mahali ulipokatika uzi. Mwaka 1879 Carlisle, shule ya bweni ya serikali ya kuwageuza watoto wa wenyeji wa asili wawe kama Wazungu, ilifunguliwa Pennsylvania, na watoto wa Kilakota walikuwa miongoni mwa wanafunzi wake wa kwanza kabisa. Walinyolewa nywele, wakavuliwa mavazi ya kwao, wakakatazwa lugha yao. Msichana ambaye angekaa majira ya baridi ubavuni mwa unci, yaani bibi yake, akijifunza kushona huku akisikia nani kazaliwa na nani, alifundishwa kushona mashati ya kizungu. Kwa hiyo kilichopotea si ufundi tu. Yalipotea na mazungumzo yaliyokuwa yakienda nao, na mtoto alirudi nyumbani hana lugha ya kumwamkia bibi.

Ndiyo maana mtu akinieleza kwamba kazi za mikono huwasaidia vijana kwa kuwa “zinatuliza akili”, naona kasema nusu tu. Mkalishe kijana mwenye huzuni mbele yako, umkazie macho, umwulize ana nini; atakujibu hana kitu. Mpe sindano, mkae bega kwa bega, macho yenu wote yakiwa kwenye ngozi. Tungeni shanga saba au nane kwenye uzi, mzilaze, mfunge. Safu ya pili kando yake, na ya tatu. Akikosea hesabu kwa punje moja, safu inapinda na lazima afumue. Katika kufumua huko ndiko maneno hutoka, bila mtu kulazimishwa.

Kuna jambo jingine, nalo ndilo linalonigusa zaidi. Kwa desturi ya Walakota, mtoto akizaliwa, kitovu chake kikikatika hutiwa ndani ya kifuko cha ngozi chenye umbo la kobe, kilichofunikwa kwa shanga. Kobe ni mgumu kufa, basi mtoto huombewa uhai kama wake. Sisi tunaosema “kitovu changu kimezikwa pale” hatuhitaji kuelezwa zaidi. Kijana anayeshona kobe wa mtoto wa dada yake anajua kuna mtu anamngojea amalize.

Je, kuna ushahidi? Mwaka 1998 watafiti Michael Chandler na Christopher Lalonde walichapisha utafiti kuhusu jamii za wenyeji wa asili wa British Columbia, Kanada. Walikuta zaidi ya nusu ya jamii hizo hazikuwa na kijana hata mmoja aliyejiua katika kipindi walichochunguza. Jamii zilizoshika mambo yao zenyewe, yaani utawala, shule, afya na majengo ya utamaduni, zilikuwa na vifo hivyo vichache zaidi. Hawakupima ushanga peke yake, wala ushanga haujengi nyumba.

Fedha nazo zipo, ila tusizikuze. Kizibao kilichojaa shanga hula miezi, na soko limejaa bidhaa za bandia. Sheria ya Marekani ya 1990 inatishia faini ya hadi dola 250,000 na kifungo cha hadi miaka 5, kwa kosa la kwanza, kwa anayeuza kitu akidai uongo kwamba kimetengenezwa na wenyeji wa asili, lakini bandia bado zinauzwa.

Kazi nyingi nzuri, hata hivyo, haziuzwi. Siku ya mahafali utaona kofia za wahitimu zimezungushiwa ushanga pembeni, na unyoya wa tai unaning’inia. Ukimwuliza mhitimu kofia yake kashona nani, mara nyingi atakuonyesha shangazi au bibi aliyekaa ukumbini, katika shule ileile anayoimaliza, na hakuna aliyemwambia aivue.