Mifupa ya Ganesh Pyne haikutoka ndotoni

Mwambie fundi wa Dar unataka rangi ya maji, atakuuliza ndoo ngapi na ukuta una ukubwa gani. Mimi nasema ile ya kwenye karatasi, aliyoanza nayo mchoraji Ganesh Pyne wa Kolkata, India (1937–2013). Picha zake ni mafuvu, viumbe nusu nyama nusu mifupa, mwanga hafifu gizani. Zimezushiwa mengi.

Dhana: "Ni ndoto tu, tena kaiga Wazungu."

Hii ndiyo inayoniudhi. Ni kweli usuriali, sanaa ya kuchora mambo kama ya ndotoni, ulitangazwa Paris mwaka 1924, na Pyne mwenyewe aliwapenda wachoraji wa Ulaya Rembrandt na Paul Klee, hakuficha. Lakini mifupa yake ina tarehe. Agosti 1946 Wahindu na Waislamu wa Kolkata waliuana, maelfu wakafa kwa siku chache. Pyne alikuwa na miaka 9. Katika hekaheka ile akakutana na lundo la maiti, na juu kabisa umelazwa mwili wa bibi kizee, uchi, una majeraha. Changanya na hadithi za mizimwi alizosimuliwa na bibi yake nyumbani, halafu uniambie alihitaji kwenda Paris kutafuta nini.

Dhana: "Rangi ya maji ni ya watoto wa shule."

Kama ni ya watoto, jaribu. Kwenye rangi ya mafuta ukikosea unapaka juu, basi. Huku weupe ni karatasi yenyewe. Ukishaufunika, mwanga umekwenda na hauombwi urudi. Wabengali, watu wa upande wa Kolkata, waliongeza ugumu wao. Wachoraji wawili wa Kijapani walipofika Kolkata mwaka 1903, mchoraji wa Kibengali Abanindranath Tagore alijifunza kwao, kisha akawa anapaka, anailowesha karatasi nzima majini, inakauka, anapaka tena, mpaka picha ikae kama imeonekana kwenye ukungu. Pyne alikua akizitazama kazi za mzee huyo.

Wapo pia wanaodhani kila kazi yake ni rangi ya maji. Sivyo. Kuanzia miaka ya 1960 alihamia tempera, unga wa rangi uliochanganywa na gundi, akipaka tabaka jembamba juu ya jembamba. Kazi zake maarufu zaidi ni hizo.

Dhana: "Mwenye kipaji hula kwa picha zake tangu siku ya kwanza."

Alimaliza chuo cha sanaa mwaka 1959, akaenda kuchora katuni za filamu, kijipicha baada ya kijipicha, na michoro ya vitabu. Riziki ilitoka huko. Miaka ya 1970 mchoraji M. F. Husain, ambaye jina lake lilijulikana India nzima, aliulizwa ni nani mchoraji bora nchini. Akamtaja Pyne. Wanunuzi wakaanza kupigana vikumbo, na mwenyewe akabaki palepale Kolkata, akichora taratibu, picha chache kwa mwaka.