Kumzoesha mbwa wa aina ndogo: maana yake, na kwa nini wiki za mwanzo zina haraka

Kumzoesha mbwa si kumfundisha kukaa, kulala au kutoa mkono. Ni kumkutanisha angali mtoto na watu, wanyama, sauti na mahali atakapoishi, kwa namna ambayo ataviona vyote kuwa mambo ya kawaida. Amri zinaweza kungoja: hata mbwa wa miaka sita hujifunza kukaa kwa siku chache ukimlipa kwa chakula. Mazoea hayangoji hivyo.

Hapa Goma kuna mengi ya kuzoea. Mtoto wa mbwa aliyezaliwa ndani ya parseli tulivu pale Himbi, siku ya kwanza akitolewa getini, anakutana na pikipiki zinazopiga honi, chukudu (ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali) iliyojaa makala, jenereta la jirani, kwaya inayojaribu vipaza sauti, na mvua inayopiga bati kama inataka kuingia. Hayo yote anayaona kutoka kimo cha kiatu. Wengi wanaosema mbwa wao mdogo “ana kelele za bure” wanaye mbwa ambaye hakuzoeshwa: anabweka kwa sababu anaogopa, na watu wanacheka kwa sababu ni mdogo. Mbwa mkubwa akifanya vilevile hakuna anayecheka.

Mtoto wa mbwa hufumbua macho akiwa na wiki mbili hivi, na masikio huanza kusikia wiki ya tatu. Kuanzia hapo mpaka kama wiki ya 12 hadi 14 ndicho kipindi cha mazoea. Mwanzoni mwake udadisi unashinda woga: anakwenda kunusa hata kitu kinachomshtua, na asipoumia anakihesabu kuwa salama. Woga nao unakua kadiri wiki zinavyokwenda, na mwishoni mwa kipindi mambo yanageuka: kitu kigeni ni hatari mpaka kithibitishwe vingine. Hakuna siku moja ambayo yote hukatika, na mbwa hawalingani, lakini mwelekeo ni huo.

Mwaka 1961 watafiti watatu wa Marekani, Freedman, King na Elliot, walichapisha katika jarida la Science jaribio lililolionyesha jambo hili wazi. Walilea watoto wa mbwa wa aina ya cocker spaniel na beagle ndani ya viwanja vilivyozungushiwa uzio mrefu, bila kukutana na watu. Baadhi walitolewa kwa wiki moja tu ili wachezewe na kushikwa, kila kundi kwa umri wake: wiki ya 2, ya 3, ya 5, ya 7 au ya 9. Wengine hawakutolewa kabisa mpaka wiki ya 14. Hao wa mwisho walikuwa kama wanyama wa porini: hawakumsogelea mtu, na kuwafunza kutembea na kamba kulikuwa kazi kubwa. Walikuwa wamekula vizuri, walikuwa na ndugu zao wa kucheza nao. Walichokosa ni watu, kwa wakati wake.

Mtu akisikia hayo hukimbilia kosa la pili. Anambeba mtoto wa mbwa wa wiki tisa moja kwa moja hadi Birere saa ambayo soko limejaa, anamshusha chini katikati ya miguu ya watu, na mbwa akinyamaza anasema: “Ona alivyotulia!” Hajatulia, ameganda. Mkia uko tumboni, masikio yamelala nyuma, analamba pua bila kuwa na chakula mbele yake. Kumzamisha mbwa ndani ya kitu anachokiogopa hakumzoeshi, kunamfundisha kwamba woga wake ulikuwa na haki, na kwamba bwana wake ndiye aliyempeleka huko.

Kipimo ni rahisi: anakula? Mbwa aliyeogopa sana hukataa hata nyama. Chukua sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, kavu zisizo na chumvi, zivunje vipande vidogo kama punje ya maharagwe, kwa sababu mbwa wa kilo mbili anashiba upesi. Kaa naye mbali kidogo na barabara, kibarazani au nyuma ya geti lililo wazi, yeye akiwa mapajani. Chukudu inakuja, unaisikia kwanza inavyogonga mawe ya volkano, kisha unamwona kijana amepiga goti juu yake akiteremka na magunia. Masikio ya mbwa yanasimama. Hapo hapo mpe kipande. Chukudu ikipita, chakula kinakoma. Mpangilio huu usiugeuze: sauti kwanza, sambaza baadaye. Ukianza na sambaza, baada ya muda mbwa anaanza kutilia shaka sambaza zenyewe, maana kila zikitolewa kuna kitu kinakuja. Akiacha kula, hujakosea chakula, umekosea umbali. Rudi nyuma hatua kumi. Akila huku akiangalia barabara bila kukaza mwili, kesho sogea kidogo. Dakika tano zinatosha, kuliko saa nzima ya kuvumilia.

Sambaza za kukaanga zilizobaki sahanini si za kumpa, wala sombe (majani ya mihogo), kwa sababu ya viungo vilivyomo. Kitunguu na poaro (kitunguu cha majani) huharibu chembe nyekundu za damu za mbwa, na kwa mwili mdogo kiasi kidogo kinatosha kuleta madhara.

Swali ambalo veterineri huulizwa kila mara ni la chanjo. Chanjo za mtoto wa mbwa huanza wiki ya 6 hadi ya 8 na kurudiwa kila wiki tatu au nne mpaka wiki ya 16; ukingoja zimalizike ndipo umtoe nje, kipindi cha mazoea kimekwisha pita. Ukimwachia atembee popote, parvo, ugonjwa mkali wa tumbo, inamngoja: kirusi chake hudumu ardhini kwa miezi, na kinyesi cha mbwa mmoja mgonjwa kinaambukiza wengi waliopita hapo baadaye sana. Wataalamu wa tabia za wanyama wanakubaliana kwamba baada ya chanjo ya kwanza kupita siku saba hivi, mtoto wa mbwa anaweza kuanza kukutana na mbwa wenye afya na waliochanjwa mahali safi. Kwingine kote mbebe. Hapo mbwa mdogo ana bahati ambayo mbwa mkubwa hana: anaingia ndani ya kitenge kama mtoto, anazunguka nawe mpaka Rond-point Chukudu, anaona kila kitu na miguu yake haigusi udongo. Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa kwa kawaida kuanzia wiki ya 12, na hiyo haina mjadala.

Lakini udogo una hasara yake pia. Kila mkono unamjia kutoka juu. Watu wanamnyanyua bila kumwomba, watoto wanagombania zamu ya kumshika. Mtoto akikuuliza, “Mama, iyi imbwa inalumaka?” mshukuru kwa kuuliza, kisha mwambie achuchumae ubavu, anyooshe mkono chini na kungoja. Mbwa akija mwenyewe, akwaruzwe kifuani, si kupigwapigwa kichwani. Asipokuja, basi hakuja. Mbwa anayejua kwamba ana ruhusa ya kuondoka hana haja ya kuuma. Kamba yake nayo uifunge kwenye mkanda wa kifuani badala ya shingoni, kwa sababu koo la mbwa hawa wadogo ni laini na likivutwavutwa huharibika.

Kuna wanaopinga yote haya: mbwa ni wa zamu, akizoea watu atampokea hata mwizi. Ndiyo maana utamkuta mtoto wa mbwa amefungwa nyuma ya nyumba tangu akiwa na miezi miwili “ili awe mkali”. Anakuwa mkali kweli, ila hachagui. Anamuuma mtoto wa jirani, anamuuma binti wa nyumba anayemletea bugali, na usiku mwizi akitupa jiwe anajificha. Mbwa aliyezoea watu anajua wageni wa kawaida wanavyofanya, kwa hiyo anayeruka ukuta saa nane za usiku ndiye anayemshangaza. Kwa mbwa mdogo hoja hiyo ni dhaifu zaidi: kazi yake ni kukuamsha, na kwa hilo hahitaji kumchukia mtu yeyote.

Ningeongeza kwenye orodha ya mazoea kitu ambacho vitabu vya mbali havikipi uzito: kikapu. Tarehe 22 Mei 2021 volkano ya Nyiragongo ililipuka, na siku tano baadaye sehemu kubwa ya mji ikaamriwa kuhama, watu wakaelekea Sake, Rwanda, au bandarini kutafuta boti. Katika msongamano kama huo mbwa asiyezoea kufungiwa anaruka na kupotea. Mlishe ndani ya kikapu kilicho wazi mpaka aingie mwenyewe, kisha funga kifuniko kwa muda mfupi, kisha mbebe nacho hadi barabarani na kurudi.

Na aliyekwisha kuwa mkubwa bila kuzoeshwa? Kazi ni ileile, sambaza na umbali, ila inakwenda polepole na haifiki mwisho uleule. Wengi humtoa alfajiri kwa sababu barabara zimetulia, na ni wazo zuri, isipokuwa upande wa magharibi wa mji, kuelekea Bulengo na Sake, ambako mazuku, gesi ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini, hukaa kwenye mabonde na mashimo. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, hujikusanya hasa usiku na asubuhi kabla ya upepo, na pua ya mbwa mdogo iko chini kabisa, pale inapolala. Huko pita sehemu za juu, na jua likiwa limepanda. Baada ya miezi, mbwa kama huyo anaweza kupita karibu na chukudu bila kubweka, na bado asitake kushikwa na wageni maisha yake yote. Mwekee chumba cha nyuma wanapokuja, chenye maji na mfupa wa kutafuna, na watoto waambiwe wasimfuate huko.