Tiba ya homa ya ini mtaani: yanayosemwa na yalivyo

"Huduma ya mkoba ni sadaka tu, inakula fedha."
Huduma ya mkoba ni wahudumu wa afya kuwafuata watu walipo, wakawapima na kuwatibu. Kinachokula fedha ni ugonjwa ulioachwa. Virusi vya homa ya ini C vinaweza kukaa mwilini miaka 20 au 30 vikilitia ini makovu kimyakimya, hadi siku mtu anapofikishwa hospitali tumbo limejaa maji au anatapika damu. Hapo ni kulazwa na kulazwa tena, pengine saratani. Mara nyingi ni mtu wa umri wa kazi, na ndugu anayemuuguza naye kibarua kimesimama. Vidonge vya wiki 12 huponya zaidi ya asilimia 95 ya wanaotibiwa. Mwaka 2013 dozi nzima ya sofosbuvir, mojawapo ya vidonge hivyo, ilianza kuuzwa Marekani kwa dola 84,000. Siku hizi nchi za kipato cha chini zinaweza kupata tiba nzima kwa takriban dola 60. Dawa imeshuka bei. Kazi ni kumfikia mgonjwa.

"Ini ni la daktari bingwa."
Enzi za sindano za interferoni, tiba ya zamani, sawa. Ila tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linapendekeza madaktari wa kawaida na wauguzi watibu, hata katika vituo vya ngazi ya chini. Watu hupotelea katikati: kipimo cha kidole kikionyesha mistari miwili, bado lazima virusi vyenyewe vitafutwe, maana kipimo hicho husoma kingamwili, yaani kinga ambayo mwili hutengeneza dhidi ya virusi, na hata aliyepona hubaki nazo. "Rudi wiki ijayo," anaambiwa, naye harudi. Mashine inayotoa majibu kwa saa moja ikiwa palepale, anaweza kuondoka na vidonge siku hiyohiyo. Nyumbani nako, aliyetengewa kikombe (bila sababu yoyote, virusi hivi haviambukizwi kwa kula pamoja) anarudi mezani na wenzake.

"Wanaojidunga dawa za kulevya hawamalizi dozi."
Wengi humaliza, na hupona karibu sawa na wengine. Wapo wanaoambukizwa tena, ndiyo maana sindano safi na methadoni (dawa ya kutibu uraibu wa heroini) huenda pamoja na vidonge. Chanjo ya C haipo. Kila anayepona ni mlango mmoja wa maambukizi uliofungwa.

"Nchi nzima haiwezekani."
Misri ilipima watu karibu milioni 50 kati ya 2018 na 2019.

"Wahudumu wa mkoba wakija mara moja inatosha."
Kwa C, pengine. Homa ya ini B ina chanjo, lakini aliyekwisha kuugua kwa muda mrefu hutulizwa tu na vidonge, mara nyingi kwa miaka mingi. Gari linalopima B likatoweka linamwachia mtu hofu bila dawa.