Je, wajua kwa nini kijana aliyepiga simu akisema "nimepotea" alitafutwa siku 29?

Jumatatu ya tarehe 17 Juni 2024, saa tatu kasoro dakika kumi asubuhi hivi, simu ya kijana mmoja Mwingereza wa miaka 19 ilizima. Alikuwa Tenerife, kisiwa cha Hispania kilichopo baharini mkabala na Moroko, alikokwenda na wenzake kula likizo na kuhudhuria tamasha la muziki. Usiku disko lilipoisha hakurudi alikofikia, upande wa kusini. Alipanda gari na watu aliokutana nao hukohuko, wakaenda hadi nyumba ya kupanga katika kijiji cha Masca, juu milimani, kaskazini-magharibi ya kisiwa.

Kulipokucha akataka kurudi. Aliuliza habari za basi, akaambiwa lipo la saa nne. Hakulisubiri, akaanza kutembea, safari ambayo kwa miguu ni zaidi ya saa kumi. Muda mfupi baadaye akampigia rafiki yake: amepotea, ana kiu, mguu umechanwa na mpungate, na chaji imebaki asilimia 1.

Mwili wake ulipatikana tarehe 15 Julai, ndani ya korongo, karibu na eneo ambalo simu yake ilishika mtandao mara ya mwisho.

Hapo ndipo watu wengi hukwama. Alisema mwenyewe kwamba amepotea, simu imeacha alama, kisiwa chenyewe kinaipita Unguja kwa ukubwa kidogo tu, kuna helikopta, mbwa na droni. Sasa siku 29 zimekwendaje? Swali hili niliulizwa na mdogo wangu, naye akamalizia kama wanavyomalizia wengi: "Si wangeangalia tu lokesheni?"

Tuanze na hiyo lokesheni, maana ndiyo inayodanganya watu kuliko kitu chochote.

Wengi tunadhani setilaiti zinatuona. Hazituoni. Setilaiti za GPS zinatangaza saa na mahali zilipo, basi, kama redio. Simu yako ndiyo inayosikiliza matangazo ya setilaiti nne au zaidi na kupiga hesabu ya mahali ilipo. Jibu linabaki humo humo ndani ya simu. Ili mtu mwingine alijue, simu lazima ilitume kwa mtandao, na kwa kawaida inalituma kama umeruhusu: umemtumia mwenzako lokesheni kwa WhatsApp, au umewasha huduma ya kutafuta simu. Simu ikizima kabla ya kutuma, jibu linazima nalo.

Kinachobaki ni kumbukumbu za mnara. Na mnara wa simu haujui ulipo, unajua tu kwamba mnasikilizana. Fikiria umesikia adhana ya msikiti fulani. Anayejua msikiti ule anaweza kusema uko mtaa gani, lakini hawezi kusema umekaa kwenye baraza la nyumba ipi. Minara mingi ina antena zinazogawa eneo mafungu matatu, kwa hiyo angalau unajulikana uko upande upi. Halafu mtandao hukadiria umbali kwa muda ambao mawimbi yanachukua kwenda na kurudi: 2G hupima kwa vipande vya mita 550 hivi, 4G kwa vipande vya mita 78 hivi. Ukiwa mjini, minara imebanana na kila mmoja una lake la kusema, wapelelezi wanaweza kukuweka ndani ya mitaa michache. Milimani minara ni ya kuhesabu, na mawimbi hugonga jabali moja yakarudia jabali jingine kabla ya kufika, kwa hiyo hata umbali unaosomwa huenda si wenyewe. Wanachopata polisi kwenye ramani ni kama kipande cha chungwa. Huyo mtu yumo mahali fulani ndani ya kipande hicho, na kipande kinaweza kumeza mlima mzima.

Kuna jambo moja hapa ambalo natamani kila mtu anayesafiri alijue. Kumpigia rafiki na kupiga namba ya dharura ni simu mbili tofauti kabisa. Ulaya namba ya dharura ni 112, na ukiipiga kwa simu za kisasa, simu yenyewe hujiwashia GPS na kutuma mahali ulipo kwa kituo cha dharura bila wewe kugusa kitu. Tangu Machi 2022, simu janja zote mpya zinazouzwa Umoja wa Ulaya zinatakiwa ziwe na uwezo huo. Ukimpigia rafiki, anapata maneno yako tu. Na maneno ya mtu aliyepotea, hata awe mkweli vipi, ni "kuna mawe, kuna miti ya miiba, sijui nilipo." Simlaumu kijana. Ukiwa na asilimia 1 ya chaji, usiku hujalala, jina linalokujia kwanza ni la rafiki yako. Mimi pia ningempigia rafiki.

Haya, tuseme kipande cha chungwa kimechorwa. Kwa nini usikipekue chote siku mbili ukamaliza?

Kwa sababu ramani imelazwa, na Teno haijalala. Hilo ni jina la milima ya upande ule, moja ya sehemu kongwe kabisa za kisiwa, zao la volkano ambalo mvua za mamilioni ya miaka zimelichana makorongo kutoka juu hadi baharini. Masca yenyewe iko mita 600 na ushei juu ya usawa wa bahari. Kilomita moja kwenye karatasi inaweza kuwa ni kushuka mita mia tatu, kupanda mia nne, na kushuka tena.

Aliyewahi kusimama Irente, kule Lushoto, ananielewa. Chini unaona Mazinde na barabara, magari yanakwenda kama siafu, na macho yanakwambia ni hapo tu. Miguu ina habari nyingine. Mgeni aliyesimama Masca naye anaona mteremko na upeo wa bahari, na kichwani anajua alikofikia ni pwani. Barabara inazunguka mlima kama nyoka, inakupeleka juu wakati wewe unataka chini. Akili inakuambia shika njia ya mkato, pita hapa katikati.

Rafiki mmoja aliyezungumza naye asubuhi ile alieleza baadaye kwamba alikuwa ameshatoka barabarani na miguu yake ikiteleza kwenye mawe. Hapo ndipo korongo linapofanya kazi yake. Korongo la mlima wa volkano halishuki kama mtelezo wa watoto, linashuka kama ngazi zilizojengwa na fundi mlevi. Maji ya mvua yanakula tabaka laini, yanaruka tabaka gumu, kwa hiyo kila baada ya mwendo kidogo kuna ukingo. Wa kwanza una mita moja na nusu: unakaa kitako, unajiachia, unatua salama. Wa pili mita mbili, unatua vilevile. Kisha unafika kwenye ukingo usio na chini. Ukigeuka nyuma unakuta zile mita mbili ulizoteleza huwezi kuzipanda, changarawe inaporomoka chini ya mikono. Juu hakurudiki na chini hakushukiki. Na anayeshuka haoni anapokanyaga kama anavyoona anayepanda, kwa sababu jiwe liko mbele ya macho ya anayepanda, lakini liko chini ya tumbo la anayeshuka.

Mwaka 2009 watafiti wa Ujerumani walichapisha jaribio walilofanya kwenye msitu wa kwao na kwenye jangwa la Sahara upande wa Tunisia. Watu waliambiwa watembee moja kwa moja. Jua au mwezi vilipoonekana walifaulu, vilipofichika walizunguka duara huku wakiapa kwamba wamenyooka. Hiyo ni tambarare. Milimani mtu hazunguki, ardhi yenyewe inamkusanya. Kila mteremko unamsukuma kwenye korongo kama kuta za zizi zinavyosukuma mbuzi mlangoni. Waokoaji wazoefu wanalijua hilo, ndiyo maana makorongo hupewa kipaumbele. Tatizo ni kwamba kuyapekua ndiyo kazi ngumu kuliko zote.

Twende kwenye hesabu, kidogo tu. Mtafutaji huanzia mahali mtu alipojulikana mara ya mwisho. Mtu anayetembea kilomita 4 kwa saa, baada ya saa moja anaweza kuwa popote ndani ya duara la kilomita za mraba 50. Baada ya saa tatu duara hilo limefika 452. Muda umeongezeka mara tatu, eneo limeongezeka mara tisa. Ndiyo maana ile imani ya "subiri saa 24 kwanza" ni hatari. Mtu wako akipotea porini, toa taarifa saa ileile.

Halafu kuna neno ambalo huwakera waokoaji: "pale tumeshaangalia." Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Jeshi la Majini la Marekani lilimtumia mwanahisabati Bernard Koopman na wenzake kutafuta namna bora ya kuwinda nyambizi za Wajerumani. Hesabu zao ndizo mzazi wa utafutaji wa watu hadi leo, na kiini chake ni hiki: kupita mahali si kupasafisha. Kila upekuzi una nafasi ya kuona na nafasi ya kutoona. Tuseme droni ina uwezekano wa asilimia 70 wa kumwona mtu aliye ndani ya korongo. Maana yake, kama yumo, kuna asilimia 30 kwamba itapita bila kumwona. Ikirudia, inabaki 9. Na hapo ni kama mara ya pili imetazama kwa upande mwingine. Ikitazama kutoka kulekule angani, kile kichaka kilichomficha asubuhi kitamficha na jioni.

Kamera ya joto nayo, inayosifiwa sana, ina aibu zake. Humwona mtu kwa sababu ana joto kuliko ardhi. Mwezi Juni, saa saba mchana, jiwe jeusi la volkano lina joto kuliko mtu. Mbwa huletwa, na Tenerife waliletwa hadi kutoka Madrid, lakini mbwa hufuata harufu, na ndani ya korongo upepo huivuta harufu ukaimwaga mahali pengine kabisa, juu ya ukingo wa upande wa pili. Mbwa anabweka, watu wanakimbilia pasipo mtu.

Mwisho wa Juni, Guardia Civil, jeshi la polisi linaloshughulikia maeneo hayo, liliomba watu wa kujitolea wenye uzoefu wa milima waje kufanya msako mkubwa wa siku moja. Wakatokea sita hivi. Sita! Wakati huohuo mitandaoni wapelelezi wa vitandani walikuwa maelfu kwa maelfu, kila mmoja na ramani yake yenye mduara mwekundu, wengine wakimtaja muuaji kwa jina, wengine wakiitumia familia meseji za uongo. Sijui kipimo kingine cha wazi zaidi cha tofauti kati ya kufuatilia habari na kumtafuta mtu.

Siku iliyofuata msako huo mkubwa ulisitishwa rasmi, lakini kikosi kidogo kiliendelea kimyakimya. Waliompata ndio hao, askari wa uokoaji wa milimani, wenye kamba na kofia ngumu, katika korongo la Juan López lililopo karibu na Masca. Mahali penyewe hapafikiki kirahisi.

Watu wa kwao waliuliza pia kwa nini polisi wa Uingereza hawakwenda kuchukua kazi ile. Jibu ni fupi: mtu akipotea, nchi aliyopotelea ndiyo yenye mamlaka. Polisi wa Lancashire, mkoa alikotoka kijana, walijitolea kusaidia, wenyeji wakajibu wanavyo vya kutosha. Ubalozi nao hauna askari wala ruhusa ya kupekua nyumba ya mtu. Unatafuta mkalimani, unaunganisha familia na polisi wa pale, unasaidia nyaraka. Hivyo ndivyo itakavyokuwa hata kwa Mtanzania au Mkenya atakayepotea Dubai au Istanbul.

Uchunguzi wa mwili Hispania ulionyesha majeraha ya mtu aliyeanguka kutoka juu. Julai 2025, huko Preston, mchunguzi wa vifo alihitimisha kwamba kilikuwa kifo cha ajali.

Njia ya watalii inayoshuka korongo la Masca hadi baharini bado ipo. Ilifungwa mwaka 2018, ikafunguliwa tena 2021 kwa masharti: unajiandikisha siku kabla, mlangoni wanaangalia viatu ulivyovaa, unavalishwa kofia ngumu, na wanajua wameingia wangapi. Korongo la jirani halina mlango.