Je, wajua kwa nini mtu mzima anaweza kupaliwa bila kukohoa?

Meza mate huku umeweka kidole juu ya kongomeo. Utalisikia likipanda, kisha likishuka. Linapopanda, pumzi husimama, njia ya hewa hufungwa na mlango wa umio, yaani njia ya chakula, hufunguka. Yote hayo huchukua kama sekunde moja tu. Kiharusi, ugonjwa wa Parkinson, ugonjwa wa kusahau na hata tiba ya mionzi shingoni huweza kuvuruga mpangilio huo. Maji ndiyo huponyoka kwanza, kwa kuwa hutiririka upesi na kufika kooni kabla njia ya hewa haijafungwa.

Kwa kawaida yakiingia njia ya hewa tunakohoa. Lakini neva za koo zikipoteza hisia, ubongo haupati taarifa. Mtu huendelea kula na kuzungumza huku maji yakishuka mapafuni, na dalili ya kwanza huenda ikawa nimonia. Huku ndiko kupaliwa kimya, na ndiko kunakofanya uchunguzi wa nyumbani kwa watu kuwa mgumu.

Ukimuuliza mzee, "Unameza vizuri?", aghalabu atasema ndiyo. Hadanganyi: ameshabadili ulaji wake polepole mpaka shida haionekani tena. Kwa hiyo uliza mambo mahususi. Chakula gani umeacha, na kwa nini? Mlo unazidi nusu saa? Sauti huwa kama ina maji baada ya kunywa? Vidonge hukwama? Nguo zimelegea? Umepata nimonia zaidi ya mara moja? Muulize pia anayekula naye. Lipo dodoso fupi liitwalo EAT-10, lenye maswali 10, kila moja likipewa alama 0 hadi 4. Jumla ya 3 au zaidi huhitaji kufuatiliwa. Kwa aliyepoteza kumbukumbu usilitegemee.

Kisha huja jaribio la maji, nalo hufanywa na mhudumu aliyefundishwa. Asiyekaa macho, asiyeweza kuketi wima, anayehema kwa shida au aliyekwisha kukatazwa kunywa asijaribiwe kabisa. Wengine husafishwa kinywa kwanza, maana maji yakikosea njia huteremka na bakteria wa kinywani. Mtu aketi wima, aseme "aaa" ili usikie sauti yake ya kawaida, kisha anywe mililita 90 za maji matupu mfululizo bila kupumzika. Akisita katikati, akikohoa au kupaliwa wakati wa kunywa au ndani ya dakika moja baadaye, hajafaulu. Mwambie aseme "aaa" tena. Sauti iliyogeuka kuwa ya majimaji nayo ni onyo.

Mbona maji mengi hivyo? Kwa sababu tone dogo huweza kupita koo lisilo na hisia nzuri bila kuliamsha, ilhali maji mengi huelekea zaidi kuamsha kikohozi. Hapa ndipo wengi hukosea: kwa huruma humpa vijiko viwili, hakohoi, wanaandika "salama". Kosa jingine ni kugusa koo kwa kijiti ili kuona kama mtu anataka kutapika. Wako wazima wengi wasio na mwitikio huo, na wako wenye nao ambao hata hivyo hupaliwa.

Kutofaulu si ugonjwa uliothibitishwa. Ni sababu ya kumpeleka kwa mtaalamu wa kumeza, ambaye huangalia kwa eksirei ya video au kwa kamera nyembamba inayopitishwa puani. Usianze kumkolezea vinywaji vyote kwa kubahatisha, kwani vinywaji vizito huweza kumfanya anywe kidogo mno na kupungukiwa maji mwilini. Wala usimsagie vidonge kabla ya kumuuliza mfamasia: vingine vimetengenezwa vitoe dawa polepole, na vikisagwa hutoa yote kwa mkupuo.

Anayesema chakula kigumu hukwama kifuani, kisha laini, kisha hata maji, huku akikonda, jaribio la maji halimhusu. Tatizo lake huenda liko kwenye umio wenyewe, ikiwemo saratani, naye anahitaji kupimwa kwa kamera ya umio haraka.